Onelia na Hapana ya Amparo

"Hakuulizwa," Onelia alisema. "Hilo tu. Mnapiga meza kama watu walioshinda bahati nasibu, na hakuna hata mmoja aliyeona kwamba msichana hakuulizwa."

"Aliulizwa," Belkis akamjibu kutoka benchi la mbele, bila kuondoa macho kwenye sigara aliyokuwa akiisokota. "Kwenye ngazi za kanisa, wiki iliyopita. Don Gaspar alimuuliza vizuri sana, na kofia mkononi."

"Akajibu nini?"

"Akajibu hapana."

"Basi aliulizwa, akajibu. Na leo?"

"Leo amefungiwa chumbani, mama. Utamuulizaje mtu uliyekwisha kumfungia chumbani? Tumia akili."

Ukumbi wote ukacheka, na mimi nikiwemo, kwa sababu Belkis akisema jambo hata kama ni upuuzi ana namna ya kulisema. Onelia hakucheka. Kisu chake kilikuwa bado sakafuni kilipoangukia, na ncha yake moja ilikuwa imemeguka.

Niseme kidogo juu ya hicho kisu. Sisi kazi yetu ni kusokota sigara nene za tumbaku kwa mkono, na chombo chetu ni chaveta, kisu bapa kama nusu ya sahani, hakina mpini. Kila mtu na chake. Tukiwa tunasokota tunasomewa: asubuhi gazeti, mchana riwaya, na riwaya tunaichagua wenyewe kwa kura. Msomaji akitufurahisha tunagonga visu kwenye ubao, wote kwa pamoja, na mlio wake ni kama mvua kubwa juu ya bati. Akituudhi, mtu anakitupa kisu chini. Hatukitupi ovyo. Ukikitupa unatakiwa useme kwa nini, na chuma kikimeguka ni hasara yako.

Onelia Peraza alikuwa amekaa benchi moja na mimi tangu binti yangu mkubwa hajazaliwa, na nilikuwa sijawahi kumwona akikitupa chake.

Riwaya ile aliileta Belkis, kwa kuwa yeye ndiye mwenyekiti wa kamati ya kusoma. Don Gaspar ni mwenye shamba la kahawa, ana masharubu na huzuni. Amparo ni mwalimu, yatima wa miaka ishirini na mitano, ana shingo ndefu na hana mtu. Don Gaspar anamtaka, Amparo hamtaki. Mchana ule Don Gaspar alimkuta njiani, akamtupa juu ya farasi, akampeleka shambani, akamtia chumba cha juu na kufunga mlango, ufunguo akautia mfuko wa kizibao. Amparo akalia, akamwuma mkono. Don Gaspar akamkumbata akambusu, na hapo mwandishi akaandika kwamba mwili wa Amparo ulisema ndiyo ambayo kinywa chake kilikuwa kikiikataa. Tukagonga visu mpaka vumbi la tumbaku likapanda. Katikati ya kelele hiyo kisu cha Onelia kikalia chini.

"Dada Onelia," msomaji alisema kwenye kipaza sauti chake. Arístides ni mtu mzima, mnene, na ana sauti ambayo ukiisikia kwenye simu unavaa vizuri. "Mimi ni msomaji, si mwandishi. Siongezi neno, sipunguzi neno. Baba yangu alisoma juu ya jukwaa hili hili, na hakuongeza wala hakupunguza."

"Sijakuambia upunguze."

"Sasa unataka nini?"

Onelia akafikiri. Kisha akasema, siyo kwa sauti ya kugomba, ni kama mtu anayetaja bei ya mihogo: "Mimi nilipomwambia mume wangu hapana, hakutokea mwandishi wa kumweleza kwamba nilimaanisha ndiyo. Alijieleza mwenyewe."

Hakuna aliyecheka tena. Arístides alifunga kitabu akasema tutaendelea kesho, na king'ora cha kutoka kilikuwa bado.

Sasa niwaeleze Onelia ni nani, maana mtu akisikia hayo atadhani ni mwanamke wa machozi. Onelia ni mwembamba, mrefu, ana miaka hamsini na nane na meno yake yote. Akifika kazini asubuhi anatandaza kitambaa chake kama mama anayetandika kitanda cha mgeni. Sigara zake hazina mshipa wala uvimbe. Shule aliacha mapema kama wengi wetu, lakini kwa kusikiliza tu ametembea dunia kuliko marubani. Anajua habari za wafalme walionyongwa, anajua nyangumi analalaje, na ukibishana naye juu ya mji usioufahamu atakutajia mto wake. Alikuwa akisema kwamba mshahara wanamlipa kwa kazi ya mikono, ila masikio anakuja nayo kwa raha zake. Siku msomaji akiwa mgonjwa, Onelia anasokota kama mtu aliyefiwa.

Anaishi peke yake mkabala na kwangu, nyumba ya mbao yenye rangi ya buluu, kibarazani viti viwili vya kubembea. Watu humwuliza kiti cha pili ni cha nani. Hujibu kwamba ni cha miguu yake.

Mumewe aliitwa Ramiro. Alimchukua, kama tunavyosema kwetu. Zamani huku mashambani harusi ilikuwa gharama, wazazi nao walikuwa wagumu, kwa hiyo kijana alikuja usiku na farasi, binti akapanda nyuma, wakaenda. Kesho yake wazee walikasirika mpaka saa ya chakula, kisha wakapatana. Mama yangu alichukuliwa hivyo, na mama yake Belkis, na nusu ya mji huu. Hadithi hizo tunazisimulia kwa raha: farasi, mwezi, mbwa wanaobweka. Tunachopenda kukisahau ni furushi. Kila binti aliyechukuliwa alikuwa amekwisha kufunga nguo zake mchana na kuficha furushi nyuma ya nyumba. Saa walipanga pamoja, na njia pia. Mbwa mwenyewe alikuwa amelishwa ili asibweke sana.

"Ramiro aliniuliza," Onelia aliniambia siku moja, tukichambua mchele barazani kwake. "Aliniuliza kwa adabu, nami nikasema ndiyo, na furushi nikafunga mwenyewe. Taabu ni kwamba aliona swali lile moja linatosha maisha yote."

Onelia alimwacha akiwa bado ana nguvu za kuanza upya. Ramiro akaenda zake mkoa wa Camagüey, akaoa huko, akafa huko, na Onelia alimpelekea mjane pole. Hakuwa na chuki. Alikuwa na nyumba, kazi, masikio, na mlango ambao ufunguo wake ni mmoja.

Halafu kuna Fermín.

Fermín alikuwa msokotaji zamani, mpaka kifundo cha mkono kilipomharibikia. Sasa anagawa majani. Asubuhi anapita benchi kwa benchi na kapu, anakupa fungu lako. Ni mjane, mfupi, anatembea kama anaomba radhi kwa sakafu. Majani ya juu, yale laini yasiyo na tundu, kwa muujiza yalikuwa yanafika kwa Onelia kila siku. Chenza za mti wake nazo, zikiwa zimekwisha kufutwa vumbi. Jumapili alikuwa akikaa kwenye kile kiti cha miguu, akinywa kahawa kwa kelele kama farasi mtoni, na Onelia akimsimulia riwaya ya wiki kana kwamba Fermín hakuwa ukumbini akiisikia mwenyewe.

Miaka minne iliyopita alimwomba waoane. Onelia akamjibu, "Nitakuambia." Mpaka siku ile ya kisu alikuwa hajamwambia.

Ukumbini jambo hili lilikuwa kama mali ya wote. "Onelia, lipa deni," Belkis alikuwa akisema kila chenza zikifika. "Unamlia mwenzio matunda na jibu humpi."

"Swali si deni," Onelia alikuwa akijibu, huku anamenya.

Jioni ile ya ugomvi Fermín aliinama akaokota kisu cha Onelia. Akapitisha kidole kwenye ncha iliyomeguka. Kisha akafungua sanduku lake la vyombo, akatoa kisu chake cha zamani kilichofungwa kitambaa.

"Shika hiki," akasema. "Mkono wangu haukihitaji tena."

"Nitakurudishia."

"Si lazima."

"Nimesema nitakurudishia, Fermín."

Kesho yake kwenye foleni ya kahawa nilimkuta Fermín yuko katikati ya wanawake watatu, Belkis akiwa kiongozi. Mimi si mdokozi wa maneno, lakini foleni ni ndefu na masikio hayana vifuniko.

"Miaka minne unabeba chenza," Belkis alimwambia. "Hujaona jana? Kwa nini unadhani Onelia alikasirika vile? Ni wivu, ndugu yangu. Hajapata wa kumtupa juu ya farasi."

"Yeye amesema vingine," Fermín akasema.

"Mwanamke husema vingine. Unataka aseme nini, na heshima zake? Wewe mwondolee mzigo wa kusema. Njoo Jumamosi na gari la farasi la mpwa wako, mwingize, mpeleke kwako. Jumatatu tutakuja kula mchuzi wa kuku."

"Na akikataa?"

"Atakataa kidogo," mmoja akasema, na wote wakacheka.

Nilimvuta Fermín kando. Nikamwambia, "Mzee, kuuliza si ujinga. Muulize tena."

"Niliuliza, Nereida," akaniambia. "Nikiuliza tena nitakuwa namdai. Sipendi kumdai." Alikuwa akisokota ukingo wa kofia yake kama jani. "Labda wao wanajua. Wao ni wanawake."

"Na mimi ni nani, nguzo?"

Akavaa kofia, akaenda zake. Mchana ule mpwa wake alipita kwangu kuuliza kama nina utepe mwekundu wa kumpamba farasi, ndipo nikajua kwamba mjinga yule ameamua.

Nilivuka barabara nikamwambia Onelia bila kuzunguka. "Jumamosi Fermín anakuja kukuchukua. Kama zamani. Ila hakuna furushi."

Onelia alikuwa akimwagilia maua. Aliendelea kumwaga maji mahali pamoja mpaka udongo ukatoka chunguni.

"Akiniwekea mkono kunipandisha kwenye gari lile," akasema, "sitamfungulia tena mlango maisha yangu. Nami najijua. Hata kama nikitaka kumsamehe, mguu wangu hautakwenda kufungua." Akaweka kopo chini. "Na ndiye mwanamume pekee ambaye naweza kuvumilia kelele zake za kunywa kahawa."

"Basi mwambie asije."

"Nimwambie nini? Asiwe Don Gaspar? Wakati wanawake mia moja wanampigia Don Gaspar meza mbele ya macho yake? Atasema naona haya. Watamwambia ni hapana ya heshima." Akakaa kwenye kiti chake, kile kingine kikabaki wazi. "Hapana, shoga. Lazima hiyo hapana aisikie ukumbini, pale pale alipoisikia mara ya kwanza."

Siku iliyofuata, saa ya chakula, aliomba kamati ikutane. Belkis akaja na sahani yake ya wali na maharage, akakaa juu ya jukwaa kama jaji. Arístides alikaa kando, kavimba. Usiku alikuwa amelala vibaya, mkewe alisema.

"Mlalamikaji anataka kitabu kisimamishwe," Belkis akatangaza.

"Sitaki kisimamishwe," Onelia akasema. "Nataka kujua mwisho kama nyie. Nataka ile sura isomwe tena."

Watu wakatazamana. Belkis akasahau kijiko mdomoni.

"Isomwe tena?"

"Ndiyo, yote, neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza, kama alivyosoma baba yake. Ila namuuliza Arístides kitu kimoja. Pale Amparo anapofungiwa, imeandikwa nini? Hebu isome."

Arístides akafungua kitabu, akaweka miwani. "'Amparo akapiga kelele kwa nguvu zake zote: Hapana, sikutaki, fungua mlango.'"

"Juzi uliyasomaje hayo maneno?"

"Kama nilivyosoma."

"Tusomee ulivyosoma juzi."

Arístides akasafisha koo, na kwa kuwa ana fahari na kazi yake, akasoma hasa kama juzi: sauti nyembamba, ya puani, yenye pumzi nyingi. "Hapana... sikutaki... fungua mlango..."

Wanaume wa benchi la nyuma wakaanza kucheka.

"Imeandikwa kelele," Onelia akasema. "Hizo ni kelele?"

"Ni kelele za kimapenzi."

"Don Gaspar umemsoma mpaka kioo cha dirisha kikatetemeka. Amparo umemsoma kama njiwa aliyeshiba mtama. Mwandishi kamwandika anapiga kelele, wewe ukamfanya anadeka. Kwa hiyo na sisi tukasikia anadeka. Sitaki ubadilishe neno, mwanangu. Nataka umpe sauti yake."

"Sauti ya mwanamke ndivyo ilivyo," Arístides akasema. Hapo alikosea, maana aliyasema mbele ya ukumbi wa wanawake wenye njaa.

"Mimi sauti yangu ndivyo ilivyo?" Belkis akamuuliza, na ni kweli Belkis akiita watoto wake, watoto wa mtaa wa tatu hunawa mikono.

Kura ikapita karibu wote. Nisidanganye: wengi waliinua mkono kwa sababu waliona watasikia Amparo akibusiwa mara ya pili bila malipo. Belkis mwenyewe aliinua miwili.

Ijumaa mchana Arístides alipanda jukwaani na jasho. Kabla ya kuwasha kipaza sauti aliinama kwa Onelia, nami nilikuwa karibu, nikasikia.

"Nimejaribu nyumbani," akamwambia. "Kila nikimsoma, mke wangu anacheka. Sina sauti nyingine ya mwanamke. Ninayo ile tu."

"Basi mpe ya kwako," Onelia akasema.

Akaanza. Barabara, farasi, mvua, yote kama mwanzo, na watu wakajiweka sawa vitini, visu tayari. Mlango ukafungwa. Ufunguo ukaingia mfukoni. Kisha Amparo akafungua kinywa, na ikatoka sauti ya Arístides mwenyewe, nzito, nzima, ile ile ya Don Gaspar.

"Hapana. Sikutaki. Fungua mlango."

Mtu nyuma yangu aliacha kusokota. Ni maneno yale yale. Mara ya kwanza niliyapita kama unavyoipita kokoto, safari hii nikajikwaa. Don Gaspar akamjibu kwa maneno yake mazuri juu ya upweke wake na kiu yake, na Amparo akarudia, na kila alipojibu sauti ilikuwa sawa na yake, kwa hiyo hukuweza tena kusema huyu ni mkubwa, yule ni mtoto anayebembelezwa. Walikuwa watu wazima wawili, na mmoja wao ana ufunguo.

Akafika pale kwenye busu. Arístides akasimama, akanywa maji. Kisha akasoma kama ilivyoandikwa, kwamba mwili wake ulisema ndiyo ambayo kinywa kilikuwa kikiikataa. Hakuongeza wala hakupunguza. Sentensi ile ilikaa hewani ukumbini kama mtu aliyedanganya mbele ya mama yake, naye anajua kwamba mama anajua.

Hakuna aliyegonga. Feni ilikuwa inazunguka. Kisha kisu kimoja kikaanguka nyuma, kwa wanaume, kikafuata kingine upande wa dirishani. Changu nilikiacha kiteleze mwenyewe. Si wote waliotupa, na wengine waliendelea kusokota kichwa chini, lakini waliotupa walitosha, na mlio wa chuma sakafuni si kama wa mvua. Belkis alikuwa amekishika chake juu, tayari kugonga, mkono umemkwama. Mwishowe akakiweka ubaoni taratibu.

"Angalau angemwachia ufunguo," akanung'unika. "Ili abaki kwa kupenda."

"Ndicho ninachosema," Onelia akamwambia.

"Usianze. Nimekubali ufunguo tu."

Mlangoni alikuwa amesimama Fermín na kapu la majani. Sijui alikuwa pale tangu lini. Alitua kapu chini, akavaa kofia, akatoka. Majani ya jioni tulijigawia wenyewe, na Onelia alipata yenye matundu kama sisi wengine.

Kitabu tulikimaliza baadaye. Bila shaka Amparo aliolewa na Don Gaspar, mwandishi alikuwa ameshaamua, na harusi ilikuwa na maua ya chungwa ya kutosha kumpigisha mtu chafya. Tuligonga, maana harusi ni harusi. Lakini siku hizi kamati ikileta riwaya mpya, mtu lazima aulize kutoka nyuma: "Huyu naye anafungia watu?" Na Arístides wanawake wote anawasoma kwa sauti yake. Mwanzoni ilichekesha, sasa tumezoea.

Lakini turudi kwenye Jumamosi ile: nilikuwa barazani tangu kahawa ya kwanza, nikijifanya nachambua maharage ambayo yalikwisha kuchambuliwa. Fermín alikuja asubuhi, jua kali, si usiku. Alikuja na gari la farasi, na farasi ana utepe wangu shingoni. Yeye mwenyewe alikuwa na shati la pasi na manukato yaliyovuka barabara kabla yake. Alifunga hatamu kwenye nguzo ya umeme, akaja mpaka kwenye lango la Onelia, na hapo akasimama. Lango lenyewe linafika kiunoni na halina komeo. Hakuligusa.

"Onelia," akaita.

Onelia akatoka, anafuta mikono kwenye aproni. Akamtazama farasi kwanza, kisha utepe, kisha yeye.

"Nimekuja kukuambia kwamba sikuchukui," Fermín akasema.

"Umekuja na gari kuniambia hunichukui?"

"Mpwa wangu alikwisha kumpamba farasi. Nilimwonea huruma kumvua." Akavua kofia. "Nilikuwa nimepanga. Walinishauri, nikakubali, kwa hiyo kosa ni langu, si lao. Jana nilipomsikia yule mwalimu nikaona jinsi ningekuwa nimesimama hapa." Akaangalia mahali alipokuwa amesimama. "Na jambo jingine. Lile jibu. Watu wanasema nakudai. Kama lilikuwa deni, nimelisamehe. Chenza zitaendelea kuja, hizo ni za mti, hazihusiki."

Onelia akageuka akaingia ndani. Fermín akabaki pale langoni na kofia mkononi, na mimi moyoni nikasema basi, mguu umekataa. Farasi akala maua ya uzio wa Onelia, hakuna aliyemzuia.

Akarudi na kitu kimefungwa kitambaa. Akashuka ngazi mpaka langoni, akakifungua. Kilikuwa kile kisu cha Fermín. Alikuwa amekinoa mpaka kikang'aa kama sarafu mpya, na juu ya benchi letu nilikuwa nimekwisha kuona chake mwenyewe, kile kilichomeguka, ametengeneza ncha kwa tupa, kimekuwa kidogo lakini kinakata.

"Hiki ni chako," akasema. "Asante."

"Nilisema si lazima."

"Nami nilisema nitarudisha. Kishike."

Fermín akakipokea, akakishika kwa mikono miwili.

"Sasa mimi na wewe hatudaiani," Onelia akasema. "Chenza ni za mti, jibu umesamehe, kisu umepata. Hakuna kitu chako kwangu wala changu kwako. Kweli au si kweli?"

"Kweli."

"Basi uliza."

Fermín akalitazama lango, akamtazama yeye. Kisha akauliza, polepole, maneno yale yale ya miaka minne iliyopita nadhani, maana yalikuwa yamechakaa kwa kurudiwa kimya.

"Nyumba ni hii," Onelia akasema kwanza. "Mimi sihami. Ufunguo wa pili tutachonga, wako na wangu. Na swali lako hili halitoshi maisha yote, utakuwa unaniuliza."

"Kila siku nikitaka?"

"Kila siku ukitaka, nami nitajibu nitakavyojibu siku hiyo."

"Nimekubali."

"Mimi pia," akasema. "Ndiyo."

Akaisema kwa sauti yake yote, mpaka farasi akainua kichwa kutoka kwenye maua. Nami kule ng'ambo ya barabara, na bakuli langu la maharage, sikuhitaji mwandishi wa kunieleza alimaanisha nini.